Siri za Seva Iliyoanguka

Seva ya idara yetu ilikuwa na tabia ya kuanguka usiku. Ni kompyuta ya kawaida ya mezani iliyopandishwa cheo, imewekwa kwenye chumba kidogo karibu na ngazi, pembeni yake kuna feni na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: USIZIME. Asubuhi anayefika wa kwanza anakuta mafaili hayafunguki, anamwita fundi, fundi anabonyeza kitufe mpaka taa izime, anahesabu hadi kumi, anawasha tena. Kazi inaendelea. Akitokea mtu wa kuuliza kilichotokea, jibu ni lile tunalolijua sote: "Zima, washa. Hizi mashine ndivyo zilivyo."

Nilipoingia mwaka wa pili wa shahada ya uzamili nilipewa jukumu la kuitunza, kwa sababu nilikuwa naishi karibu na kwa sababu sikujua kukataa. Ikaanguka mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Msimamizi wangu akaniambia, kwa upole wa mtu aliyechoka, "Hebu tafuta sababu." Nataka kueleza nilivyoitafuta, na nilichokikuta njiani, ambacho mpaka leo sina uhakika kama nilikuwa na haki ya kukikuta.

Kompyuta inapoanguka kwa namna ile, kinachoanguka ni kerneli, yaani programu kuu inayogawa kumbukumbu, inayosimamia diski na kupanga zamu za programu nyingine zote. Kerneli ikigundua kwamba mambo yake ya ndani yameharibika kiasi kwamba kuendelea kutaharibu zaidi, inasimama palepale. Shida ni kwamba yule ambaye angeandika ripoti ndiye huyo aliyekufa. Ukifungua logi, lile daftari la matukio la mashine, unakuta mistari ya kawaida kabisa ya saa saba na nusu usiku, na mstari unaofuata ni wa saa mbili asubuhi, fundi alipowasha. Katikati hamna kitu. Zamani zilikuwapo njia za kuifanya kerneli iliyoanguka ijinakili yenyewe kwenye diski kabla ya kuzimika, lakini ni sawa na kumwomba mtu aliyezirai aandike barua. Akiandika, utaamini vipi alichoandika? Na hujui kama hataandika juu ya kitu kingine ulichokuwa unakihitaji.

Tangu mwaka 2005 Linux ina njia nyingine, iitwayo kdump. Siku ambayo kompyuta ni nzima, unatenga kipande cha kumbukumbu. Mimi nilitenga megabaiti 256 kati ya gigabaiti 16. Ndani ya kipande hicho unapakia kerneli ya pili inayolala tu, haifanyi kazi yoyote, na kerneli kubwa haina ruhusa ya kukitumia kipande kile hata kumbukumbu ikimwishia. Siku ya kuanguka, kerneli kubwa inafanya jambo moja la mwisho: inamwamsha aliyelala. Yule wa pili anaamka ndani ya eneo lake dogo, anaikuta kumbukumbu yote ya mwenzake ikiwa kama ilivyokuwa wakati wa kufa, anainakili kwenye diski, kisha anaiwasha mashine upya. Ni shahidi aliyeandaliwa mapema, na hakuwamo katika mambo yaliyomwangusha mwenzake.

Nilipokuwa naandika mstari wa crashkernel=256M kwenye mpangilio wa kuwashia mashine, nilimkumbuka Bibi yangu wa Tanga. Bibi alikuwa na sanda yake sandukuni miaka mingi kabla hajaihitaji. Ilikunjwa vizuri, ina harufu ya udi, na sisi wajukuu tulikatazwa kuigusa. Mama alikuwa akimlaumu: kitambaa kizuri kimekaa bure. Bibi alikuwa akijibu kwamba siku ya kukitafuta, yeye ndiye atakayekuwa hawezi kukitafuta. Na Bibi alikuwa mwosha maiti. Wanawake wa mtaani walipofariki, yeye ndiye aliyeitwa. Nitarudi kwake.

Nakala ile ya kumbukumbu sisi wanafunzi tunaiita dampo, neno lilelile la Pugu Kinyamwezi, mahali ambapo Dar es Salaam humwaga taka zake. Tunalitamka kwa utani, lakini limekaa mahali pake. Ukitaka kujua familia inaishije, usiende sebuleni kwao, pekua taka zao. Kumbukumbu ya kompyuta nayo haijui adabu ya sebuleni. Diskini mafaili yanaweza kuwa yamesimbwa kwa njia fiche, yana nywila, yana ruhusa za nani asome na nani asisome. Lakini ili mtu aweze kuyasoma au kuyahariri, lazima yafunguliwe, na yakifunguliwa yanakaa ndani ya kumbukumbu yakiwa wazi. Nakala ya kumbukumbu ni nakala ya kila kilichokuwa wazi dakika ile.

Waliotengeneza zana hizi wanalijua hilo. Programu inayonakili, makedumpfile, ina kiwango cha kuchuja kutoka 0 hadi 31. Namba hiyo ni jumla ya aina tano za kurasa ambazo unaweza kuamua zisinakiliwe: 1 ni kurasa zilizojaa sifuri, 2 na 4 ni akiba za mafaili yaliyosomwa kutoka diskini, 8 ni kurasa za programu za watumiaji, 16 ni kurasa ambazo hakuna anayezitumia. Ukizijumlisha unapata 31, na kinachobaki ni kumbukumbu za kerneli yenyewe. Mpangilio nilioukuta ulikuwa 31. Niliubadilisha kuwa 0, nikaamuru pia nakala iandikwe kama ilivyo, bila kubanwa. Nilijiambia sijui sababu iko wapi, kwa hiyo nisitupe chochote. Haikunichukua hata dakika moja. Nafasi ya diski niliifikiria zaidi kuliko kitu kingine chochote.

Wiki mbili baadaye, usiku wa Alhamisi, ikaanguka. Asubuhi niliikuta imekwisha kujiwasha yenyewe, na ndani ya /var/crash kuna folda yenye tarehe na saa. Nilifurahi mno. Nilinakili dampo kwenye flashi, nikalihamishia kwenye laptopu yangu, nikalifungua na kuiuliza mashine swali ambalo kila mtu huuliza kwanza: ulikuwa unafanya nini? Ikanipa mlolongo wa hatua zake, kutoka ya mwisho kurudi nyuma. Kerneli ilikuwa ikipitia orodha ya mafaili, ikafuata anwani fulani ya kumbukumbu, na anwani ile haikuwa ya mahali popote.

Wahenga wametuusia: usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa. Sijui kama kuna usia unaomfaa mtu wa kompyuta kuliko huu. Mlolongo ule unaonyesha mahali pa kuangukia tu. Sehemu ya programu iliyoshika anwani mbovu mara nyingi si yenyewe iliyoiharibu, imeikuta. Aliyeiharibu anaweza kuwa alipita dakika tano kabla, akaendelea na safari zake. Kwa sababu hiyo mstari wa mwisho hautoshi, na mtu hutamani awe na kumbukumbu nzima ili arudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye kisiki.

Programu iliyokuwa na zamu wakati wa kuanguka ilikuwa ya kuandikia maandishi. Nikaishuku. Nikaendesha amri ya kutoa maandishi yote yanayosomeka ndani ya dampo, nikawa nayapitia harakaharaka kama mtu anayepekua gunia. Njia za mafaili. Majina ya vifaa. Vipande vya kurasa za wavuti. Kisha Kiswahili, Kiswahili cha kuzungumza, kana kwamba mtu ameketi mbele yangu. Mama mmoja alikuwa akieleza siku ya tatu baada ya kujifungua.

Maneno yale siyaandiki hapa. Nilisoma sentensi tatu kabla sijafahamu ninachokisoma, na ya nne, lazima nikiri, niliisoma nikiwa nimekwisha kufahamu.

Katika idara yetu kuna dada mmoja wa shahada ya uzamivu ambaye anafanya utafiti wake pamoja na watu wa afya ya jamii. Alikwenda wilayani, akakaa na akina mama waliopoteza watoto wachanga, akawarekodi. Mahojiano aliyahifadhi kwenye seva yetu yakiwa yamesimbwa vizuri, na kila usiku alikuwa akiingia kwa mbali kuyageuza kuwa maandishi, kwa sababu bando la usiku ni rahisi. Kila mama alisaini fomu, na asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Fomu inasema maneno yake yatasikilizwa na mtafiti na msimamizi wake. Hao tu. Mimi simo kwenye fomu ile. Flashi yangu haimo, wala laptopu yangu ambayo mdogo wangu huazima kuangalia filamu.

Mashine ikaanguka tena siku tisa baadaye. Safari hii mlolongo ulionyesha sehemu nyingine kabisa, ya mtandao, na programu nyingine kabisa yenye zamu. Nikaweka madampo mawili bega kwa bega. Anwani za kerneli kwenye mashine za aina yetu huanza na ffff. Katika dampo la kwanza, anwani mbovu ilianza na fffb. Katika dampo la pili, fffb tena. Kwa hesabu za kompyuta, f ni 1111 na b ni 1011. Tofauti ni biti moja, na ilikuwa biti ileile mara zote mbili, ya hamsini na moja ukihesabu kutoka kulia. Programu yenye kosa haiharibu namna hiyo. Ilikuwa chipu moja kwenye kadi moja ya kumbukumbu, iliyokuwa ikisahau biti moja mara mojamoja, na mashine yetu haikuwa na aina ya kumbukumbu inayoweza kujisahihisha. Tulipima kadi kwa usiku mzima, makosa yakajitokeza, tukaitoa, tukaweka nyingine. Seva haijaanguka tangu siku hiyo.

Msimamizi alinipongeza mbele ya watu. Nami nilikuwa nimeshaona jambo ambalo hakuna aliyeniuliza: anwani zile mbili mbovu zilikuwa ndani ya kurasa za kerneli. Kiwango cha 31 kingezihifadhi zote mbili. Kila nilichokihitaji ili nijue sababu kingekuwamo kwenye nakala ndogo, iliyochujwa. Maneno ya yule mama hayakunisaidia kitu. Niliyachukua kwa sababu nilikuwa na uwezo wa kuyachukua.

Nataka kuwa mwadilifu kwa upande wa pili, kwa sababu upande huo ni mimi mwenyewe wa wiki mbili kabla. Mtu anayetafuta sababu hajui iko wapi, vinginevyo asingekuwa anaitafuta. Angeweza kuwa na bahati mbaya, sababu ikawa kwenye kurasa zilezile alizozitupa. Dampo likishaandikwa bila kurasa hizo, huwezi kurudi kuzichukua. Kumbukumbu ya asili imeshafutika. Kwa hiyo hoja ya "chukua vyote sasa, utachagua baadaye" si hoja ya kipuuzi. Ni hoja ya mpelelezi, ya daktari, ya mwanahistoria. Lakini ni hoja isiyo na kikomo. Ukiikubali kama ilivyo, hakuna kitu ambacho hutakuwa na haki ya kukinakili, maana hakuna kitu ambacho hakiwezi kuja kuwa ushahidi wa jambo fulani siku fulani. Na anayeitoa hoja hii siku zote ni mwenye kunakili. Sijawahi kumsikia anayenakiliwa akiitoa.

Kuna kisa cha hadharani kinachonifanya nione pande zote mbili zina meno. Mwaka 2023 wadukuzi walipata ufunguo wa siri wa Microsoft wa kutilia sahihi utambulisho wa watumiaji, wakautumia kusoma barua pepe za mashirika zaidi ya 20, zikiwamo za ofisi za serikali ya Marekani. Septemba mwaka huo kampuni ilitoa maelezo: mfumo wake mmoja ulianguka Aprili 2021, ufunguo ukaingia kwenye dampo ambamo haukupaswa kuwamo, hakuna aliyegundua, na dampo likahamishwa kutoka eneo lililofungwa kwenda kwenye mtandao wa kawaida wa ofisi ambako wahandisi huchunguza makosa. Niliposoma habari ile mwili ulinisisimka, kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi na flashi yangu.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Machi 2024 kampuni ilirekebisha maelezo yake na kusema haijapata dampo lolote lenye ufunguo ule. Yale ya mwanzo yalikuwa dhana iliyoaminika zaidi, na logi ambazo zingethibitisha hazikuwapo tena kwa sababu muda wake wa kuhifadhiwa ulikuwa umepita. Mwezi uliofuata bodi ya serikali ya Marekani iliyochunguza suala hilo iliandika kwamba kampuni bado haijui ufunguo uliibwaje. Kwa hiyo kisa kilekile kinakutisha mara mbili. Kinakutisha na madampo yanayozagaa yakiwa na siri ndani yake, kisha kinakutisha na hali ya kuanguka vibaya na kutojua kamwe ulijikwaa wapi. Anayesema "hifadhi kila kitu" anajibu hofu moja. Anayesema "futa kila kitu" anajibu ya pili. Hakuna kati yao anayetutoa kwenye shida.

Nilimwambia yule dada. Nilichukua siku mbili kupata ujasiri, na siku hizo mbili nazo ni sehemu ya kosa. Tulikaa kwenye benchi nje ya maktaba. Nilieleza habari za kerneli na za uchujaji kwa kirefu, mpaka akaniinulia mkono.

"Mdogo wangu, ulisoma mpaka wapi?"

Nikamwambia: sentensi nne.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Unajua wengi wao wananiuliza nini nikimaliza kurekodi? Wananiuliza kama mimi najua ni kwa nini mtoto alikufa. Hakuna aliyewaambia. Wanaambiwa ni kazi ya Mungu, wanarudi nyumbani."

Hakunigombeza. Aliandika taarifa kwa msimamizi wake na kwa kamati ya maadili, na mimi nikaandika maelezo yangu nikaweka sahihi. Tulifuta dampo kwenye seva, kwenye flashi na kwenye laptopu, yeye akiwa anaangalia. Lakini alichokisema kilikaa nami. Kompyuta ya bei ya kawaida ilikuwa imeandaliwa shahidi, ikapigiwa picha kumbukumbu yake yote, ikachunguzwa biti kwa biti mpaka sababu ikajulikana. Mama yule alirudi nyumbani bila sababu. Na mimi nilipita juu ya maneno yake nikiitafuta sababu ya mashine.

Simaanishi kwamba hospitali hazijiulizi. Upo utaratibu wa kujadili vifo vya akina mama na vya watoto wachanga, ambao wahudumu hukaa na jalada na kurudi nyuma hatua kwa hatua: alifika saa ngapi, nani alimpokea, damu ilikuwapo au haikuwapo. Kanuni ya vikao hivyo ni kwamba majina hayatajwi na lengo si kumtafuta wa kulaumiwa. Nilipoifahamu kanuni hiyo nilielewa kwamba mtu anaweza kuhoji kifo kwa ukali wote bila kulifungua kila pazia. Jina halitajwi, lakini saa inatajwa. Ndiyo kazi ya ile namba 31.

Sasa nirudi kwa Bibi. Nikiwa na miaka kama kumi, alifariki jirani yetu ambaye watu walimsema sana, na mtaa mzima ulitaka kujua ameugua nini. Bibi aliporudi kutoka kumwosha, nikamfuata jikoni. "Bibi, alikuwa na nini?" Akaendelea kunawa mikono. Akasema, "Mimi nimeitwa kumwosha, mjukuu wangu. Sikuitwa kumpeleleza."

Kwa miaka mingi nilidhani adabu ya mwosha ni kuona kila kitu na kunyamaza. Nilipokua ndipo nilipojua namna kazi yenyewe inavyofanyika. Maiti haiachwi wazi. Inafunikwa, maji yanapitishwa chini ya kitambaa, na mkono wa mwosha unavishwa kitambaa kingine ili usiguse sehemu za siri moja kwa moja. Kwa hiyo stara inatangulia kabla ya kunyamaza: mwosha hujizuia kwanza asione zaidi ya kazi inavyodai, kisha kwa kile alichokiona kwa kulazimika, ndipo anaponyamaza. Mimi nilikuwa nimeruka hatua ya kwanza, nikadhani nitajiokoa kwa ya pili. Nilifunua kila kitu na kujiahidi kwamba mimi si mtu wa kusema.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakaribia kusema hivyo kwa lugha ya mawakili: taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililotajwa, na zisizidi kinachohitajika kwa lengo hilo. Lakini sheria haiji kukaa nawe saa nne usiku kwenye chumba cha seva. Anayekaa pale ni kijana mmoja na faili la mpangilio lenye namba ambayo hakuna mwingine katika jengo anayejua maana yake. Uamuzi wa kimaadili ulifanyika pale, siku ya kawaida ambayo hakuna kilichoharibika, na mwamuzi hakujua kama anaamua. Siku ya kuanguka, mkono wangu haukuwa na la kufanya tena. Kerneli ya pili iliamka ikatii.

Msimamo wangu kwa sasa ni huu. Ni wajibu kuandaa shahidi. Kuzima na kuwasha bila kuuliza ni kuwadharau watakaoumia kwa kuanguka kutakakofuata. Lakini swali linapaswa kutajwa kabla ya kunakili, na nakala isizidi swali. Ukianza na 31 na sababu ikakosekana, unaweza kwenda kwa mwenye siri, ukamweleza, ukaomba kuteremka. Akikataa, kuanguka kule kutabaki bila maelezo, na itabidi uvumilie. Hilo ndilo gumu kwangu, maana nimefundishwa kwamba kila kosa lina sababu na kila sababu inapatikana. Nimefika mahali pa kukubali kwamba baadhi ya sababu zinapatikana kwa bei ambayo si yangu kuilipa.

Wiki iliyopita nilirudisha mpangilio kuwa 31, nikaweka madampo yasomwe na msimamizi wa mashine peke yake, yafutwe baada ya siku 14. Kisha nilitaka kuujaribu, na sikutaka kuujaribu kwa maneno ya mtu mwingine. Wanasema mwosha huoshwa. Nilisubiri mpaka seva ikawa haina mtu, nikafungua programu ya kuandikia, nikaandika sentensi moja inayonihusu mimi, jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Kwenye dirisha jingine nikaandika amri ya kuiangusha kerneli kwa makusudi. Kila kitu kikaganda. Baada ya dakika chache seva ilikuwa imerudi, na dampo lililoandikwa lilikuwa dogo kuliko yale ya mwanzo kwa mbali sana.

Nikalifungua nikaitafuta sentensi yangu. Haikuwamo. Nikatafuta neno mojamoja. Maneno matatu ya mwisho yalikuwamo, yamebaki ndani ya kumbukumbu za kerneli, mahali ambapo herufi hupita zikitoka kwenye kibodi kwenda kwenye programu. Kitambaa hakikufunika kila kitu. Nilikaa nikiyaangalia maneno yale matatu, nikijaribu kukisia mtu mwingine angeyaelewaje, mtu kama mimi, mwenye haraka na sababu nzuri.

Nililifuta faili. Kwenye ukuta, chini ya ile karatasi ya USIZIME, nimebandika nyingine yenye safu nne: tarehe, jina la aliyefungua dampo, swali alilokuwa nalo, na siku alipolifuta. Mstari wa kwanza una jina langu.